Chupa ya Sita

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Kijiko alichukua ndoo akaenda uani kuokota mapera. Mpera wao ulikuwa mmoja tu, nyuma ya jiko, lakini ulizaa kana kwamba unashindana na mtu. Mapera yaliiva, yakaanguka, yakapasuka, nzi wakajaa, na harufu ikaingia mpaka chumba cha mbele ambako mama yake, fundi cherehani, alipokea wateja. Familia ilikuwa imekula mapera mpaka imechoka. Majirani nao walikuwa wamegawiwa mpaka ikawa wakimwona Kijiko anakuja na ndoo, wanakumbuka ghafla kwamba wana safari.

Jina la Kijiko alipewa nyumbani tangu angali mdogo, kwa sababu hakuna chakula kilichoiva jikoni bila yeye kukionja. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na bado alionja. Mdogo wake wa miaka minne aliitwa Bosi. Ukikaa naye dakika tano tu ungejua sababu.

Jumamosi hiyo Mama alitoka uani akiwa na tepu ya kupimia shingoni.

"Usiyatupe," alisema. "Leo tunapika jamu."

"Jamu? Kama ya dukani?"

"Ya dukani haikuota dukani, mwanangu. Yule mteja wangu mpishi alinielekeza jana nikimpima gauni. Nimemfanya arudie mara tatu. Nimemwambia, nikikosea hatua moja ya jamu, na gauni lake linaweza kutoka na mkono mmoja."

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kupika jamu, kwa hiyo asubuhi nzima ilikuwa shughuli. Walichagua mapera yasiyo na mabuu, wakayaosha, wakayakata, wakayachemsha mpaka yakalainika. Kisha wakayapitisha kwenye chujio, Mama akisukuma kwa mwiko na Kijiko akishikilia, mbegu zikabaki juu na uji mzito wa rangi ya waridi ukashuka chini. Wakaurudisha jikoni pamoja na sukari na maji ya malimau mawili. Kazi iliyofuata ilikuwa kukoroga. Walikoroga kwa zamu, jamu ikirukaruka kwenye sufuria na kuwachoma mikono, na Bosi akiwa mlangoni akiuliza kila baada ya muda mfupi kama imeiva.

Kwa upande wa chupa, walikuwa nazo tano zilizotunzwa kabatini. Mama aliona hazitatosha, akaleta ya sita, chupa kubwa ya mdomo mpana ambayo miaka yote aliwekea vifungo. Alivimwaga vifungo kwenye bakuli, akaiosha mpaka ikang'aa. Zile tano alizizamisha kwenye sufuria ya maji ya moto. Ya vifungo haikuenea.

"Sikiliza vizuri," alimwambia Kijiko. "Kioo cha baridi na jamu ya moto haviendi pamoja. Chupa ipate moto kwanza, ndipo imiminiwe. Hii kubwa iache mpaka mwisho, nitaipasha mwenyewe taratibu."

Mara hodi ikasikika mbele. Mteja mmoja alikuwa na harusi saa nane, na zipu ya nguo yake ilikuwa imeng'oka. Mama alitazama sufuria, akatazama mlango.

"Nenda tu, Mama," alisema Kijiko. "Nitamimina mimi. Kwani mimi mtoto?"

"Ndiyo," alisema Mama, lakini alikuwa tayari anafuta mikono. "Haya. Pole pole. Shikia chupa juu ya sufuria, tone likidondoka lirudi ndani. Na ile kubwa usiiguse!"

Kijiko alibaki na jiko lake. Alidondosha jamu kidogo kwenye sahani ya baridi, akaisukuma kwa kidole, ikakunjana kama mpishi alivyosema. Ilikuwa imeiva. Akajisikia mtu mzima kabisa. Alizitazama zile chupa tano zenye midomo myembamba, kisha akaitazama ile kubwa. Kwa mtu anayeanza, aliwaza, si bora aanze na yenye mdomo mpana? Akiijaza vizuri, Mama akirudi atakuta kazi imekwisha, atafurahi.

Akaishika kwa kitambaa, akaiinamisha juu ya sufuria kama alivyoagizwa, akamimina upawa wa kwanza. Akamimina wa pili. Alipoinua wa tatu, chupa ililia "ta!", sauti ndogo tu, kama kifungo kimeanguka sakafuni. Kitako kikapasuka, vipande vikadondoka ndani ya sufuria, na jamu yote ikarudi ilikotoka.

Kijiko alisimama ameshikilia chupa isiyo na chini. Kutoka chumba cha mbele cherehani iliendelea kunguruma kama kawaida. Angeita wakati ule, hadithi hii ingeishia hapa. Lakini aliona aibu. Alikuwa ametoka kusema yeye si mtoto, na kitu cha kwanza alichofanya ni kile kimoja alichokatazwa.

Akazima jiko. Kwa upawa akatoa vipande vikubwa, kisha vidogo. Akakoroga, akatazama, akakoroga tena. Jamu ilikuwa nzito na kioo hakina rangi. Alipoona hapati kingine, alijiambia vimekwisha. Akaviosha, akavifunga kwenye gazeti pamoja na mabaki ya chupa, akavisukuma nyuma ya gunia la mkaa. Kisha akazijaza zile chupa tano zilizokuwa kwenye maji ya moto, moja baada ya nyingine.

Mama alirudi akakuta chupa tano zimepangwa dirishani, jua likipenya ndani yake. Akapiga makofi.

"Tazama mwanangu huyu! Jamu nzuri hivi! Na ile ya sita?"

"Jamu haikufika, Mama. Nimeirudisha kabatini."

"Basi si neno." Mama alichukua mwiko uliokuwa umebaki na jamu pembeni, akamnyooshea. "Shika, onja kazi yako."

"Nimeshiba."

Mama alimtazama, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Wewe? Umeshiba? Unaumwa?"

"Siumwi, Mama. Moshi tu." Akauchukua ule mwiko haraka akaenda kuuosha.

Mchana jamu ilipopoa, Mama alifunga chupa mbili kwa vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji. Moja ilikuwa ya Babu Fundi, mzee jirani aliyetengeneza saa. Ya pili ilikuwa ya mama mdogo wa Kijiko, aliyekaa nyumba ya nne na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu, Kibonge. Kijiko akatumwa kuzipeleka. Angesema nini? Alikwisha kusema uongo mmoja, na sasa ulidai mwingine.

Babu Fundi alikuwa kwenye meza yake karibu na dirisha, lenzi jichoni, saa zaidi ya kumi ukutani zikionyesha kila moja wakati wake.

"Shikamoo, Babu. Mama amekuletea jamu. Lakini usiile leo."

"Marahaba. Kwa nini nisiile?"

"Mpishi amesema ikae kwanza. Siku mbili."

"Mpishi mkali huyo," alisema mzee. "Haya, nitamtii."

Kwa mama mdogo mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kijiko alirudia maneno yaleyale, na mama mdogo akacheka mpaka akaegemea mlango.

"Siku mbili? Na huyu nani atamwambia?"

Kibonge alikuwa amekwisha kuiona chupa. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, anapiga kelele za furaha. Kijiko alifungua kinywa kusema, akakifunga. Alirudi nyumbani akitembea polepole. Afadhali angevunja chupa kumi, aliwaza.

Alipoingia ndani alimkuta Bosi mezani amekaa kwa heshima zote, kitambaa kifuani. Mama alikuwa ametoka kumpakia jamu kwenye mkate, na Bosi alikuwa anauinua.

"Usile!"

Kijiko aliruka, akamnyang'anya mkate, ukaanguka chini. Bosi alishangaa kwanza, kisha akapiga yowe lililosikika barabarani.

"Kijiko!" Mama alikuja juu. "Mtoto kakukosea nini?"

"Kuna kioo, Mama." Sasa yalitoka yote kwa mkupuo. "Chupa ya vifungo ilipasuka juu ya sufuria. Vipande viliingia. Nimevitoa lakini sijui kama nimevimaliza. Sikuirudisha kabatini. Nilidanganya."

Alingoja kofi. Alingoja makelele. Mama aliuokota mkate, akauweka mbali na Bosi.

"Mama mdogo wako umempelekea muda gani?"

"Sasa hivi."

Mama alimbeba Bosi na kilio chake, wakatoka mbio. Mjini kote, mtu akimwona fundi cherehani anakimbia na tepu shingoni, anajua kuna jambo. Mbele ya nyumba ya nne Kijiko alitangulia, kwa sababu Mama alimwambia neno moja tu njiani: "Utasema mwenyewe."

Kibonge alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejipaka jamu mpaka masikioni, kijiko kitupu mkononi.

"Mama mdogo, usimpe tena! Kuna kioo ndani ya jamu. Ni mimi niliyevunja chupa, nikanyamaza."

Rangi ilimtoka mama mdogo. Alimwinua mtoto, akamfungua kinywa, akapapasa ufizi kwa kidole. Kibonge alidhani ni mchezo, akamng'ata.

"Amekula vijiko viwili," alisema. "Dada, vijiko viwili."

"Mpeleke zahanati," alisema Mama. "Sasa hivi. Sisi tutakitafuta hicho kioo. Daktari lazima atauliza kama kuna kilichomezwa, na tutampa jibu."

Lakini utajuaje kama kipande kimepungua, ikiwa hujui vilikuwa vingapi? Kijiko ndiye aliyewaza saa za Babu Fundi. Alichomoa gazeti lake nyuma ya gunia la mkaa, akalipeleka mbio kwa mzee, akamweleza kila kitu bila kuruka neno, na zile siku mbili za mpishi akazieleza pia.

Babu Fundi alisogeza saa zake kando. Alitandika kitambaa cheusi mezani, akavaa lenzi, akachukua kibano. Kipande kwa kipande akaanza kukijenga upya kitako cha chupa, akikigeuza kila kimoja mpaka ukingo wake ukutane na ukingo wa mwenzake. Kijiko alisimama pembeni bila kuthubutu kupumua kwa nguvu. Mwishowe mzee alitua kibano.

"Njoo uone."

Kitako kilikuwa kimerudi kuwa duara. Karibu na ukingo palikuwa na pengo moja lenye pembe tatu, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

"Kimoja," alisema mzee. "Kimoja tu hakipo."

Jikoni, Mama alikuwa amekwisha kukusanya chupa zote tano na kuwasha jiko. Alianza na ile ya mama mdogo. Akaimimina kwenye sufuria, akaongeza maji ya moto, akakoroga mpaka ikawa nyepesi, akaipitisha kwenye chujio juu ya beseni. Mama, Kijiko na Babu Fundi, aliyekuwa amefuatana na Kijiko, wakainama kutazama. Hakuna kitu. Mama akachukua ya Babu Fundi. Hakuna kitu. Zikabaki tatu za nyumbani. Ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Kijiko alikuwa analia bila sauti, maana kama kile kipande hakikuwa ndani ya chupa yoyote, basi kilikuwa mahali pamoja tu palipobaki, na mahali hapo ni tumbo la mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Ya mwisho ilikuwa ile iliyofunguliwa kwa ajili ya Bosi. Mama akaimimina. Jamu ikashuka, povu likashuka, na juu ya waya za chujio kitu kikabaki kinametameta.

Hakuna aliyekigusa ila Babu Fundi. Alikichukua kwa kibano, akakiosha, akatoka nacho, nao wakamfuata mpaka mezani kwake. Akakishusha kwenye pengo. Kikaingia barabara, bila kubaki nafasi hata ya unywele.

"Limezibika," alisema.

Mama alikaa chini sakafuni palepale, miguu imenyooka mbele, akacheka na kulia kwa pamoja. "Alhamdulillahi. Ee Mungu wangu, asante."

"Mama, niende?"

"Kimbia!"

Kijiko hakukumbuka baadaye kama miguu yake iligusa barabara. Zahanati ilikuwa kwenye kona, na mama mdogo alikuwa kwenye benchi, amemkumbatia Kibonge aliyekuwa akijaribu kumnyang'anya muuguzi kalamu yake.

"Kimepatikana!" alipiga kelele kutoka mlangoni. "Kilikuwa kwenye chupa ya nyumbani! Kilikuwa kimoja tu, na Babu Fundi amekipanga, chupa imekamilika!"

"Na kinywani hana mchubuko wowote," alisema muuguzi. "Tulikuwa tunangoja habari hiyo hiyo. Mwangalieni usiku wa leo na kesho, akionyesha dalili yoyote mmrudishe. Ila kwa ninavyomwona, anayeumwa hapa ni kalamu yangu."

Mama mdogo alimvuta Kijiko akamkumbatia kwa nguvu. Kisha akamfinya sikio, kwa nguvu vilevile. Kisha akamkumbatia tena.

Jioni ile walichimba shimo uani wakaizika jamu yote. Bosi alisimama kando akiwa na huzuni ya mtu aliyefiwa. Kijiko aliuliza kama kweli haiwezi kuliwa, maadamu kipande kimepatikana.

"Jicho langu linaona kipande," alisema Babu Fundi, aliyekuwa amekuja kutazama. "Vumbi la kioo halilioni hata kwa lenzi. Tumbo la mtu si mahali pa kufanyia majaribio."

Halafu mzee akaketi kwenye kibao cha mlangoni, akamwita Kijiko karibu.

"Nina miaka arobaini nafungua saa. Mtu akija akaniambia, 'Fundi, imeanguka kwenye maji,' naifungua, naikausha, keshokutwa anaichukua. Mwingine anakuja, 'Fundi, imesimama yenyewe tu.' Yenyewe! Naihangaikia wiki nzima, na nikifika ndani nakuta kutu imekwisha kula magurudumu. Maji ni yaleyale. Tofauti ni kwamba wa kwanza alisema mapema. Leo wewe ulichelewa, mjukuu wangu, lakini hukuchelewa sana."

Juma zima Mama hakumkemea. Aliongea naye vizuri, lakini Kijiko aliona jinsi alivyomtazama kila alipojibu swali, hata swali dogo kama umeoga au bado, na ikamuuma. Mpera kwa upande wake haukujua kilichotokea. Ulizidi kuangusha matunda, na Jumamosi iliyofuata ndoo ilijaa tena.

"Tunapika," alisema Mama.

Walichuja, wakapima sukari, wakaanza kukoroga. Hodi ikasikika mbele. Safari hii ni mtu na suruali ya kupunguza. Mama alimwachia Kijiko mwiko, akaenda. Kijiko akakoroga. Kisha mkono ukamchoka, akapumzika kidogo, na hicho kidogo kikawa kirefu. Alipoushika mwiko tena alihisi kitu kimeganda chini, na harufu ya sukari iliyoungua ikampanda puani.

Cherehani ilikuwa inanguruma kule mbele. Angeweza kukoroga tu, jamu ikachanganyika, nani angejua? Akazima jiko.

"Mama! Njoo! Nimeunguza jamu!"

Cherehani ikanyamaza. Mama alifika upesi, akanusa, akachota ya juu kwa ncha ya mwiko akaonja, akaguna.

"Chini imeungua kweli. Juu bado nzima. Ihamishie sufuria ile nyingine, na chini usikwangue, utaiharibu yote."

"Samahani, Mama. Niliacha kukoroga."

Mama hakwenda. Alisimama pale akimtazama, na uso wake, uliokuwa umekaza juma zima, ukalegea.

"Unajua juma hili nimekuwa nikiwaza nini? Si chupa. Chupa ningenunua kesho yake. Na kosa la kukuacha peke yako na sufuria ya moto lilikuwa langu, hilo nimeliona. Nilikuwa nawaza, mwanangu akipatwa na jambo, nitalijuaje? Leo umeniita, nimepumua." Akamfuta jamu shavuni kwa kidole gumba. "Utaunguza sana, utavunja sana, ndivyo mtu anavyojifunza kazi. Lakini kosa likitokea, lisemwe lingali jikoni, kabla halijafika kwenye kinywa cha mtu mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Haya. Chupa ziko kwenye maji ya moto. Ikiiva, mimina."

Akageuka akarudi kwa mteja wake, na mlango akauacha wazi. Kijiko alisikia cherehani ikianza kunguruma tena, akaushika upawa.